Geuzeni Ile Bahasha

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, Bwana Daktari wa Wilaya, Bwana Chifu, Mchungaji wetu, Bwana Riungu mkuu wa kituo hiki cha afya, kina mama wa Maendeleo, wazee, ndugu wageni waalikwa, na wewe Mama Wanja, mke wa mwanangu, ambaye leo tumekusanyika kukuaga: mimi Ndambiri nina miaka sabini na sita kwa kipande changu, na themanini kwa hesabu ya mama yangu, na kati ya karani na mama, mimi namwamini mama.

Nimepita nzige, nimepita Emajensi ya mkoloni, nimepita njaa ya mwaka wa themanini na nne iliyowamaliza ng'ombe wetu huku chini hata mbwa wakakosa mfupa. Nimewaona wakuu watano wa kituo hiki wakiondoka, wawili kwa jeneza na watatu kwa barua ya uhamisho. Nimemzika mke wangu Wanja. Nimemzika mwanangu Njeru, ambaye ndiye alipaswa kunizika mimi. Asubuhi tuliyotahiriwa tulisimama vijana kumi na mmoja kwenye mstari mmoja, maji ya mto yakiwa baridi kama chuma, na hakuna aliyepepesa jicho. Leo mstari ule nimebaki mimi. Na mtu mmoja akisimama peke yake, nani ataita huo mstari?

Mwenyekiti wa kamati amenipa dakika tano za mzazi, na namwona ameshika saa. Mwenyekiti, tia saa mfukoni. Nilipoanza kazi hapa wewe ulikuwa unaletwa mgongoni kuchanjwa, na ulikuwa unalia mpaka wagonjwa wa kweli wanakuonea huruma.

Halafu kuna jambo la mbuzi. Mmesikia mbuzi analia pale ua wa stoo, na nimemwona mpishi akimzunguka mara mbili akinoa kisu. Mama, muache. Huyo hakuja kwa sufuria ya leo. Nimemleta mwenyewe na kamba yake, ana kazi yake, na wakati wake ukifika nitasema.

Sasa nianze na sifa, maana sherehe ni sifa. Nitaanza na zangu, kwa sababu ninazijua vizuri zaidi.

Nilifanya kazi katika stoo ya dawa ya kituo hiki miaka ishirini na saba, tangu ilipokuwa dispensari ya vyumba viwili. Nilisoma darasa la pili na nusu. Ile nusu ni kwa sababu mwalimu alinipiga nami nikamshika mkono. Lakini niulizeni, katika miaka ishirini na saba, nilichanganya dawa mara ngapi? Hata mara moja! Watu waliosoma walikuwa wanashangaa. "Ndambiri, unawezaje?" Nikawaambia, nyinyi mnasoma jina la dawa kutoka kichwani, ndiyo maana mnachoka njiani, mimi nasoma kutoka mkiani. Propranolol, atenolol: mkia wao ni lol, basi hao ni ukoo mmoja, kazi yao kutuliza moyo unaokimbia. Wale wa mkia wa zide ni ukoo mwingine, kazi yao kutoa maji mwilini ili presha ishuke. Sisi watu wa hapa tunajua koo. Ukiniambia mtu ni wa ukoo gani, nakwambia ataoa wapi na atagombana na nani. Basi nikazipanga dawa kwenye rafu kama watu waliokaa kwenye mkutano, kila ukoo na benchi lake, na nikawa mtu mkubwa.

Ndipo akaja huyu.

Alikuja miaka saba iliyopita kutoka kule juu Meru, kwenye majani chai na baridi, akiwa ameolewa na mwanangu Njeru, na akiwa na cheti chake cha ufamasia. Jina lake Karwirwa. Watu wa soko la Ishiara wakasema, msichana wa baridi, jua letu litampasua midomo mwezi mmoja atoroke. Hakutoroka. Siku ya tatu kazini alifungua stoo yangu, akaangalia rafu, akaniita baba kwa heshima, akauliza, "Baba, nani alizipanga hivi?" Nikasema ni mimi, nikingoja kugombezwa. Akasema, "Hivi ndivyo tulivyofundishwa chuoni. Lakini walitumia miaka mitatu kutufundisha." Bwana Daktari, wewe una digrii mbili. Je, ulishawahi kuambiwa maneno matamu hivyo?

Wageni mliotoka mbali, niwaeleze kitu. Kwetu, mzee na mke wa mwanawe wana nthoni kati yao. Ni heshima na aibu zilizosukwa kamba moja. Hatugusani mikono. Hatukai benchi moja. Mambo ya mwili hayatajwi kabisa, hata mtu akiwa anakufa nayo. Jioni mimi hukaa kwenye kigoda changu karibu na mlango, yeye hukaa upande wa moto, uso umegeuka kidogo. Sasa watu wa namna hiyo wataongea nini? Tuliongea dawa. Na mwanangu alipopata ajali ile ya barabara ya Gachoka, tukamzika, tukarudi jikoni sisi wawili na mtoto wao Wanja, hatukuweza kumtaja yeye pia. Nikamuuliza, "Mama Wanja, hivi huyu atenolol anajuaje njia ya kwenda moyoni?" Akanijibu mpaka chai ikapoa. Miaka minne sasa tumeomboleza hivyo. Hakuna mtu katika wilaya hii aliyelia kwa kutumia dawa za presha kama sisi wawili.

Alinifundisha kwamba dawa ni ufunguo. Alisema moyo una vitasa, na mwili una ufunguo wake wa kuukimbiza moyo, ule wa hofu, ule unaogeuka ndani yako ukikutana na chui. Sasa wakemia wamechonga ufunguo wa uongo unaofanana na ule. Ndio hao akina lol. Wanaingia kwenye kitasa, hawafungui, wanakaa tu humo. Ufunguo wa hofu ukija, unakuta kiti kina mtu. Akachukua zile bahasha ndogo za kaki za kutilia vidonge, akachora nyuma kwa kalamu umbo la pembe sita. Nikamwambia hiyo si kemia, hiyo ni sega! Mimi nina mizinga kumi na minne, nimeona pembe hizo kabla mama yako hajazaliwa. Akacheka. Tangu siku hiyo tukaita vyumba vya sega. Vyumba viwili vilivyoshikana ukuta, na mkia mrefu, huyo ni propranolol. Chumba kimoja, mkia, na kidole upande wa pili, huyo ni atenolol. Akasema kile kidole kidogo ndicho kinamfanya apende mlango wa moyo na kuuacha mlango wa mapafu. Propranolol hana adabu hiyo, anaingia popote.

Mnadhani hayo ni maneno ya jikoni? Mke wa mwalimu mkuu yuko pale, amevaa kitambaa cha buluu. Aliandikiwa propranolol na mtu mwingine, mahali pengine, naye ana pumu. Karwirwa alishika ile karatasi dirishani, akauliza swali moja tu: "Mama, usiku unapumua vizuri?" Akakataa kutoa dawa. Watu wakapiga kelele kwenye foleni, kwamba msichana wa Meru anajifanya daktari. Akasimama pale dirishani kama mti. Mama, wewe leo unakula wali hapa kwa sababu ya kidole kimoja kwenye chumba cha sega.

Mwaka jana alileta habari ya ukoo mpya, mkia wao pril. Akaniambia, "Baba, hawa babu yao ni nyoka." Nikadhani ananitania. Kumbe kweli: kuna nyoka huko Amerika ya Kusini, akiuma mtu presha inaanguka mpaka anazimia, na wakemia badala ya kukimbia wakakaa wakaisoma sumu yake, wakachonga dawa inayofuata njia ile ile lakini kwa upole. Nikamwambia, hapa kwetu nimeua nyoka zaidi ya mia moja, kumbe nilikuwa napiga famasia kwa rungu.

Mnacheka. Vizuri. Chekeni sasa, maana nafika mahali pa mbuzi.

Nyinyi nyote mnajua kwa nini tuko hapa. Kwenye kadi imeandikwa "Sherehe ya Kumuaga Mtumishi Bora." Lakini sokoni hawasemi hivyo. Sokoni wanasema Karwirwa alimuua Mzee Munyi kwa dawa, na ndiyo sababu anapelekwa Embu, kwenye stoo ya wilaya, akahesabu makatoni na asimguse mgonjwa tena. Wanasema ndiyo sababu ile nafasi ya chuo Nairobi aliyopewa mwezi wa tano imesimamishwa. Bwana Daktari ana faili. Faili hilo linafungwa Ijumaa hii. Ndani yake kuna bahasha moja ya kaki yenye vidonge vinne, na kwa juu imeandikwa kwa mwandiko wa Karwirwa: "Kimoja asubuhi."

Mama Wanja, geuza uso wako kidogo, angalia ukuta. Mchungaji, nivumilie. Kwetu mzee akivunja nthoni mbele ya mke wa mwanawe, anatoa mbuzi dume wa kuosha aibu. Yule pale ndiye huyo. Nimemlipa kabla ya kosa, ili nisirudi nyuma. Sasa nasema.

Mimi nina ugonjwa wa mkojo.

Tayari. Limetoka. Na paa la ukumbi bado liko juu.

Mwaka na nusu nilikuwa nasimama kwenye ua kama mtu anayengoja barua. Yanatoka matone, yanakatika. Nikirudi kukaa, yananiita tena. Wazee mnaoinamisha vichwa hapo mbele, msijifanye mnatafuta kofia, nawajua. Na dawa ilikuwa wapi? Nyumbani kwangu! Mjuzi wa dawa kuliko wote katika tarafa hii alikuwa ananipikia chai kila jioni, hatua nne kutoka kigoda changu. Ningemwambia nini? Tungezungumza mishipa, moyo, figo za watu wengine; zangu hapana. Nikaamka siku moja nikasema naenda kuangalia bei ya asali, nikaenda Embu mjini, kwenye kliniki moja ya kulipia nyuma ya mtaa wa Dallas, kwa daktari mwanamume asiyenijua, Daktari Mwenda. Yeye akanipa vidonge, jina lake prazosin.

Nikasoma mkia: zosin. Ukoo huo haukuwahi kufika stoo yangu, na jikoni tulikuwa hatujaufikia. Basi nikaupa kazi mwenyewe. Nikasema, zosin ni ukoo wa mkojo. Nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jina langu.

Daktari Mwenda alinikanya sana. "Mzee, uanze na nusu. Nusu, si kimoja. Umeze ukiwa tayari kitandani, na ukiamka, kaa kwanza, usisimame ghafla. Una presha?" Nikasema sina. "Kuna dawa nyingine unatumia?" Nikasema hakuna. Na ilikuwa kweli. Nikafanya alivyosema. Wiki ya pili, wazee, nawaambia, nilisimama pale kwenye ua nikasikia sauti niliyokuwa nimeisahau. Nilijiona kijana. Nikaanza kuimba.

Na mtu akipona, atamwambia nani? Mke hana. Mwana hana. Mke wa mwana haambiwi. Nilikuwa nimebaki na mtu mmoja tu wa kumwambia neno kama hilo duniani, naye ni Munyi, wa pili kutoka kwangu kwenye ule mstari wa mtoni. Nikamkuta kwake, ameketi anachonga mpini wa jembe.

"Umekula nini?" akaniuliza. "Unatembea kama jogoo aliyeiba."

"Nimepona kile kitu."

"Kitu gani?"

"Kile cha kusimama kwenye ua."

Akaweka kisu chini. "Ndambiri, mimi nikisimama, mbuzi wanaenda mtoni, wanakunywa, wanarudi, wananikuta."

"Kwa nini hukumwambia Karwirwa? Si anakupa dawa za presha kila mwezi?"

"Nimwambie mke wa mwanao hivyo? Mtoto wako si mtoto wangu? Mbona wewe hukumwambia?"

"Mimi ni baba mkwe."

"Na mimi ni nani, jirani wa mtaa? Tulimwaga damu siku moja. Aibu yako ni yangu. Toa hiyo dawa, wacha maneno mengi."

Nikampa vidonge vitano. Sikutaka aende navyo mkononi kama karanga, mimi ni mtu wa stoo, nina utaratibu wangu. Nikatafuta mfukoni, nikapata bahasha kuukuu, ile Karwirwa aliyonitilia dawa ya kuongeza damu mwezi wa pili. Nikatia humo. Bahasha nzuri haitupwi. Nikamwambia Munyi, anza na nusu, ukiwa kitandani. Akasema ndio, ndio, kama unavyojua mtu anayeitikia huku mawazo yake yako mbali. Nikaenda zangu nikiimba.

Munyi hakujua kusoma. Jumapili asubuhi mke wake Ciakuthii alimpangia dawa zake kama kawaida, zile mbili za presha, akaiona bahasha ya tatu, akasoma: kimoja asubuhi. Ni mwandiko wa Karwirwa, anaujua. Akamuuliza, "Hii ni mpya?" Munyi akajibu, "Ya kituoni." Akampa kimoja kizima. Wakatembea kwenda kanisani. Mchungaji, ulikuwepo. Ulisema tusimame kwa sala ya kufunga. Munyi akasimama upesi, kama alivyokuwa anafanya kila kitu, akashika hewa, akaanguka kwenye ngazi ya saruji. Nyonga ikavunjika.

Baada ya mazishi yake nilirudi kwa Daktari Mwenda nikamwambia yote. Akashika kichwa. Akanieleza kwamba zosin si ukoo wa mkojo. Zosin alizaliwa kwa ajili ya presha! Kazi ya mkojo alijifunza ukubwani. Kitasa chake kiko kwenye milango miwili, ukuta wa mishipa ya damu na shingo ya kibofu, na ukimmeza analegeza kote kwa mara moja, kwa sababu ufunguo haujui uko mlango wa nani. Kwangu mimi nisiye na presha, kwa nusu kidonge kitandani, sawa. Kwa Munyi, ambaye tayari lol ameushika moyo usikimbie na zide amemtoa maji, kimoja kizima kwa mara ya kwanza, halafu asimame ghafla: walikuwa watu watatu wanasukuma ukuta mmoja. Mkia ulinionyesha ukoo. Kazi ya mtu huwezi kuijua kwa ukoo wake tu. Mimi, mzee wa Kimbeere, nilisahau hilo? Nimeona ukoo mmoja ukitoa mchungaji na mwizi wa ng'ombe kutoka tumbo moja.

Nilikuwa nimemtembelea Munyi hospitali Embu siku tatu kabla hajatutoka. Kifua kilikuwa kimeshajaa kwa kulala chali. Akanivuta sikio.

"Ilifanya kazi," akasema.

"Nini?"

"Njiani kwenda kanisani. Nilisimama nyuma ya kichaka. Kama kijana, Ndambiri. Mara moja tu." Akacheka, akakohoa. Halafu akasema, "Usiwaambie. Wajukuu wangu watajua babu yao alikufa kwa kukojoa."

Nikamwahidi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo pana uzito. Bwana Riungu alipokusanya dawa za marehemu, alifanya kazi yake, simlaumu. Aliona kidonge ambacho stoo yetu haina, ndani ya bahasha yetu. Akamwita Karwirwa mbele ya kamati. Mimi nilikuwa mlangoni. Akauliza, "Huu ni mwandiko wako?" Akasema ni wangu. "Dawa hii uliitoa wapi?" Karwirwa akaichukua bahasha. Akaigeuza. Akaitazama nyuma yake kwa muda, namna ya kusoma barua fupi. Akairudisha mezani, upande wa maandishi juu, akasema, "Sina la kusema."

Hakuna mwingine aliyeigeuza. Kamati nzima, na kalamu zao mifukoni!

Bwana Daktari, faili liko hapo kwenye mkoba wako. Igeuze ile bahasha. Utakuta vyumba viwili vya sega na mkia, na chini yake chumba kimoja, mkia na kidole. Na chini kabisa kuna herufi mbaya, kubwa, zilizolala kama ng'ombe wagonjwa: NDAMBIRI. Ni mimi niliyeziandika, jioni moja, nikijifunza kumfuata mwalimu wangu. Aliiona. Alijua papo hapo bahasha imetoka mfuko gani, na mtu wa mfuko huo alikuwa anaumwa nini, maana yeye akiona zosin haoni ukoo tu, anaona mzee na ua. Alijua yote. Na angeweza kujiokoa kwa sentensi moja: muulizeni baba mkwe wangu. Lakini sentensi hiyo ingenivua nguo mbele ya kamati. Basi akanifunika mimi, akabaki yeye uchi. Jioni hiyo alinipikia chai. Nikauliza kama mvua itanyesha. Akasema labda.

Mtauliza, Ndambiri, miezi mitano ulikuwa wapi? Nitawaambia, na sitapaka asali. Kwanza, aibu. Pili, ahadi ya Munyi. Lakini hizo mbili ni ndogo, ningeziruka. Ya tatu ndiyo iliyonishika miguu. Nilipiga hesabu. Faili likibaki hivyo, Karwirwa anaenda Embu. Embu ni karibu, Jumamosi atakuja, ataleta sukari, atakaa upande wa moto. Faili likisafishwa, chuo kinafunguka, naye anaenda Nairobi miaka mitatu pamoja na mtoto, na mtu aliyeenda Nairobi akiwa na akili kama hii, nani atamrudisha Ishiara? Yule mjukuu wangu Wanja ana jina la marehemu mke wangu, mimi humwita mke wangu, naye hunigombeza kama yule wa kwanza. Niwapoteze wawili kwa neno moja? Nikanyamaza. Nilikuwa tayari Karwirwa ahesabu makatoni maisha yake yote, mradi Jumamosi kigoda cha pili kisikae kitupu. Mimi, mtu wa mstari ule, ambaye sikupepesa jicho mbele ya kisu!

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Munyi kifo kimemuumbua. Mimi kifo kimekawia, basi nimeona nijiumbue mwenyewe.

Kwa hiyo, Bwana Daktari, hii si sherehe ya kumpeleka Embu. Andika kwenye faili lako kwamba dawa ilitolewa na Ndambiri, mtu wa darasa la pili na nusu, aliyejua mikia. Na mkitaka kufungua uchunguzi wa polisi, nyumba yangu ni ile yenye mizinga, sitakimbia, magoti hayataki. Na mrudishieni huyu nafasi yake ya chuo. Nyinyi wa sokoni, mkitoka hapa semeni kwa sauti ile ile mliyotumia kwanza.

Wazee wenzangu, mmoja baada ya mwingine, dirisha la kliniki liko wazi, na anayekuja badala yake naambiwa ni mwanamume. Ila hata angekuwa mke wa mwanao, mwambie. Mbuzi dume mmoja ni bei ndogo. Mazishi ya Munyi yalikula mbuzi tisa.

Mama Wanja, sasa unaweza kugeuka. Asante kwa chai. Asante kwa sega. Huo ukoo wa zosin, wewe utanifundisha kwa barua. Andika herufi kubwa, na uchore.

Na kama kuna mtu hapa anadhani mzee anatunga, mashahidi wangu ni hawa. Muulizeni Ciakuthii, mke wa marehemu, yule pale mwenye fimbo. Atawaambia alisoma nini asubuhi ile na mumewe alimjibu nini. Nilimweleza yaliyobaki jana, akaniita mpumbavu, na leo amekuja. Muulizeni Daktari Mwenda nyuma ya Dallas. Kadi yangu iko kwake, na jina langu juu yake. Igeuzeni bahasha. Wa nne ni Munyi mwenyewe, lakini huyo nitamuuliza mimi, si muda mrefu, na najua atanitukana kwa kuvunja ahadi.

Huyu Karwirwa msimuulize. Atasema hana la kusema.

Mmenivumilia zaidi ya dakika tano, nawashukuru nyote mlionitegea sikio. Mpishi, wakati wake umefika: mfungue mbuzi wa kuosha aibu.